Meli imesimama Misali, mbona haifungi gati?

Asubuhi moja ya kaskazi nilikuwa Wesha, bandari ndogo ya Pemba, nangoja boti ya kunipeleka kisiwa cha Misali. Mbali, usawa wa kisiwa, kulikuwa na kidoa cheupe kisichosogea. Wavuvi waliokuwa wakishusha pweza walikuwa wameshakitolea hukumu. Mmoja alisema ni meli ya kutafuta mafuta, mwengine akashikilia kuwa ni ya jeshi, wa tatu akasema ni ya yule tajiri, bila ya kumtaja tajiri gani. Kijana wa boti yetu akasema hao ni watalii tu. Hapo ami yake, aliyekuwa amekaa juu ya dumu akitengeneza wavu, akauliza suali ambalo siku ile sikuwa na jibu lake.

"Kama ni watalii, mbona hawaji kufunga gati bandari ya Mkoani wakashuka kama watu?"

"Labda hawana haraka, ami."

"Asiye na haraka ndiye analala nje ya mlango?"

Tulipokaribia niliiona vizuri. Meli fupi, ya ghorofa nne hivi juu ya maji, na ubavuni mwake boti nyeusi za mpira zimefungwa kwa mpangilio kama punda waliofika sokoni. Hakuna aliyekuwa akishuka. Watu wamesimama sitahani na darubini shingoni, wanatazama kisiwa, kisiwa kinawatazama wao. Nimelichimba suali la ami tangu siku ile, na kila nilipodhani nimefika chini nilikuta jengine.

Tuanze na meli yenyewe. Meli za kitalii kwa mbali hufanana, lakini ziko za makabila mawili. Kabila la kwanza ni hoteli zinazoelea. Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria Januari 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, na ndani yake mna mabwawa, maduka na kumbi za michezo. Kwa wengi waliomo, safari ni meli yenyewe, na kisiwa kinachopitiwa ni pahala pa kunyoosha miguu. Meli ya namna hiyo haina hila: bila ya bandari kubwa, au ghuba tulivu yenye kina cha kutosha, haiwezi kufanya biashara yake.

Kabila la pili limegeuza mambo. Humo meli ni chombo cha kumfikisha mtu pahala pasipo na gati, hoteli wala barabara, akamwone mnyama au ndege kwao. Abiria huwa kuanzia darzeni moja mpaka mia mbili hivi. Jina lake la Kiswahili bado halijakaa sawa. Ukisema "meli ya utafiti" umepotosha, maana wengi wa waliomo wanatafiti kwa kamera tu. Nitaiita meli ya ziara za visiwani.

Mtu aliyeifanya biashara hii iwe biashara ni Lars-Eric Lindblad, Msweden aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 alipeleka watalii Antaktika kwa meli ya kukodi, na mwaka uliofuata akaanza safari za Galapagos, visiwa vya Ekwado katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1969 ikatoka Finland meli iliyojengwa mahsusi kwa kazi hiyo, Lindblad Explorer, urefu wake mita 73 tu, abiria wake kama 100. Meli hiyo ilizama Antaktika Novemba 2007 baada ya kutobolewa na barafu, na watu wote 154 waliokuwamo wakaokolewa. Lakini kilichobadilisha mchezo hakikuwa meli. Ni ule mtindo wa kubeba boti za mpira juu ya sitaha, kuzishusha kwa winchi kila asubuhi, na kumwaga watu ufukoni mahali popote ambapo boti yenye kina cha goti inaweza kufika. Ukiijua hiyo, nusu ya jibu la ami unalo: gati ya meli ile imefungwa ubavuni mwake.

Kabla ya kufika kwenye nusu ya pili, kuna fundo mbili za kufungua, kwa sababu hizo ndizo zinazowachanganya hata watu wa ofisini.

Ya kwanza ni tani. Utasikia meli hii ina tani 2,400, ile ina tani 248,663, na mtu hudhani ndio uzito wake. Tani inayoandikwa kwenye vyeti vya meli za abiria haipimi uzito hata kidogo. Inapima nafasi iliyofungika ndani ya chombo, na chimbuko la neno lenyewe ni mapipa ya mvinyo ambayo Waingereza wa zamani waliyahesabu ili wajue meli inabeba mangapi wapate kuitoza ushuru. Kwa hiyo tani nyingi maana yake vyumba vingi na kumbi kubwa. Kwa nahodha anayetaka kusogelea mwamba, namba anayoiuliza ni nyengine kabisa: sehemu ya meli iliyozama majini. Meli ndogo za ziara huzama mita tatu, nne, tano. Zile kubwa huzama mita tisa hivi. Kwenye ramani ya pwani ya magharibi ya Pemba, yenye vijisiwa na mafungu, tofauti hiyo ndiyo ya kuingia na kutokuingia.

Ya pili ni namba 12. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulizaliwa mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic, na toleo linalofuatwa leo msingi wake ni la 1974. Kwa mkataba huo, chombo kinahesabiwa kuwa meli ya abiria kikichukua abiria zaidi ya 12. Mtu wa kumi na tatu anapopanda, masharti ya milango ya moto, vyombo vya kuokolea, ukaguzi na vyeti yanabadilika yote. Ndiyo maana utakuta chombo cha fahari, kikubwa kuliko boti nyingi tunazozijua, kinachukua wageni 12 barabara, hazidi hata mmoja. Sisi tunaotazama kutoka ufukoni tunaviita vyote "meli ya Wazungu", lakini kisheria ni kama baiskeli na basi.

Sasa turudi kwenye gati. Mkoani ni bandari ya boti za abiria na mizigo, ina ratiba yake na msongamano wake. Meli ya ziara ikifunga pale, abiria wake bado watahitaji boti nyengine ya kuwarudisha baharini kwenda Misali, na watakuwa wamepoteza asubuhi nzima wakitazama makontena. Kwa upande wa karatasi, meli inayotoka nchi ya nje lazima kwanza ipite bandari ya kuingilia ikamilishe Uhamiaji, forodha na afya, kazi anayoipanga wakala wa meli. Hapo Muungano wetu nao unaonekana kwa vitendo: uhamiaji ni jambo la Muungano, utalii si la Muungano, kwa hiyo wakala mmoja anabisha hodi kwenye milango ya serikali mbili. Mambo hayo yakimalizwa bandarini, meli iko huru kuomba ruhusa ya kusimama mbele ya kisiwa.

Kusimama huko sasa. Ukiwa kwenye jahazi unadhani kutia nanga ni jambo jepesi. Pemba hapana.

Unguja imekaa juu ya bapa lile lile la bara. Zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, mtu angeweza kwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo. Bahari ilipopanda tena, yapata miaka elfu kumi iliyopita, ndipo ikawa kisiwa. Pemba ina hadithi nyengine. Imetengwa na bara kwa mfereji wa kina kirefu uliotokana na mpasuko wa ardhi, sehemu nyengine mita 800 hivi kwenda chini, na imekaa peke yake kwa muda mrefu sana. Utengano huo ndio uliozaa viumbe wake: popo wakubwa wa Pemba wanaolala Kidike wakining'inia kama matunda, na ndege wa aina nne wasiopatikana kwengine kokote duniani, wakiwamo ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Unguja wana kima punju wao. Popo kama wetu hawana.

Basi tazama kejeli yake. Mfereji uliowaumba wanyama ambao mgeni amelipa pesa nyingi aje awaone ndio huo huo unaomnyima nahodha pa kutia nanga. Magharibi ya Misali mwamba wa matumbawe unakwenda kidogo, halafu unakatika kama ukuta. Ukisogea nje kidogo, hakuna chini inayofikika. Ukisogea ndani, chini ni matumbawe yenyewe.

Na nanga ya meli haiharibu pale inapoangukia tu. Meli hulegeza mnyororo mara nne au tano ya kina, ili uzito wa mnyororo uliolala chini ndio uishike. Maji ya mita 20 yanataka mnyororo wa mita 80 au 100. Maji yakigeuka, meli inazunguka, na mnyororo ule unafagia chini kama mtu anayefyeka majani. Matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Jiwe la matumbawe lenye kimo cha meza limeanza kabla ya bibi yako kuzaliwa.

Kuna njia tatu za kukwepa hilo. Moja ni boya la kudumu, lililofungwa kwenye uzito mkubwa chini, meli inakuja inajifunga bila ya kugusa mwamba. Ni njia nzuri, lakini boya lazima lipimwe kwa meli inayolitumia. La mashua ya kuzamia halitashika meli ya mita 70 katika kusi. Ya pili ni meli kukaa nje inaelea, mashine inanguruma polepole, ikirudi kila mkondo unapoisukuma, na mkondo wa Afrika Mashariki husukuma kaskazini mwaka mzima. Ya tatu ni ya kisasa zaidi: kompyuta inachukua mahali pa meli kutoka setilaiti, na kila ikisogezwa, rafadha za nyuma na za ubavuni zinairudisha zenyewe. Meli inasimama pale pale bila ya nanga kama mtu aliyesimama kwenye maji ya shingo akipiga miguu. Matumbawe yamesalimika, lakini mashine zinakula mafuta mchana kutwa. Tutarudi kwenye hayo mafuta.

Upande mmoja Pemba imewapendelea manahodha. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zinalipiga bega la mashariki la kisiwa, na upande wa magharibi ukabaki kwenye kivuli chake. Manahodha wa majahazi walilijua hilo kabla ya kuwapo setilaiti.

Halafu kuna safari ya mwisho, ya dakika kumi, kutoka ngazi ya meli mpaka mchangani. Kwangu mimi hapo ndipo penye kesi yote. Meli inaweza kuwa ndogo na yenye vyeti vya kila rangi. Kama hizo dakika kumi zimeendeshwa vibaya, udogo wake haumsaidii mtu.

Boti ya mpira ina kitako kigumu au cha kukunjika, mirija ya hewa pembeni, na mashine moja nyuma. Huchukua watu wanane mpaka kumi na mbili, wanaokaa juu ya mirija wakitazamana. Unapopanda kutoka kwenye ngazi, baharia hakupi kiganja. Anakushika mkono juu ya kifundo na wewe unamshika vivyo hivyo, ili mmoja akiteleza mwengine bado ameshika. Ukifika ufukoni kuna kushuka kwa namna mbili. Pakiwa na jiwe au ngazi, unashuka mkavu. Pakiwa mchanga, dereva anaitia omo mchangani, mabaharia wawili wanaishika isigeuzwe na wimbi, na wewe unageuza miguu nje na kuingia majini. Wazee wa miaka themanini wanafanya hivyo, suruali zimekunjwa, wakicheka kama watoto waliotoroka chuoni.

Jambo moja nililolipenda sana kwenye meli hizo ni kibao kidogo karibu na mlango wa ngazi. Kila abiria ana namba yake, kibati kimoja. Akitoka anakigeuza, akirudi anakigeuza tena. Meli haiondoki mpaka vibati vyote vionyeshe upande wa ndani. Siku hizi baadhi zinatumia kadi ya umeme, lakini maana ni ile ile: kujua kwa hakika nani yuko wapi. Sisi tunaijua thamani ya hesabu hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikija Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko kiwango chake, na mabishano ya walikuwa wangapi hayakwisha mazishi yalipokwisha.

Maji ndiyo yanayopanga ratiba. Hapa kwetu bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea kama dakika 50. Bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja hufika mita nne hivi. Maji mafu, tofauti hiyo ni ndogo sana. Kwa mtu wa pwani ya mashariki hili halihitaji maelezo. Amewaona akina mama wakitembea mbali kwenda kwenye mwani pale ambapo asubuhi palikuwa bahari. Kwa boti ya mpira maana yake ni hii: ufuko ambao saa mbili asubuhi ulikuwa na maji ya kiuno mpaka mchangani, saa nane umegeuka uwanja wa mawe, urchini wenye miiba na matumbawe, na mashine haiwezi kupita bila ya kukwangua. Ukiwashusha watu hapo watembee, watakanyaga kila kitu kilicho hai njiani.

Ndiyo maana siku ile hakuna aliyekuwa akishuka. Walikuwa wakingoja maji.

Mpangaji mzuri anajua bamvua itaangukia tarehe gani miaka miwili mbele, maana hesabu ya maji inatabirika kuliko bei ya mafuta. Mpangaji mbaya anauza safari kwa kufuata likizo za Ulaya, halafu anamlaumu kiongozi wa ziara. Kila meli ya aina hii ina mtu huyo, na yeye na nahodha huzungumza kila jioni. Nahodha anasema pa kusimama, kiongozi anasema pa kushuka, na asubuhi hutangulizwa boti moja yenye watu wawili wenye uzoefu ikaangalie wimbi na mchanga. Ikirudi na habari mbaya, programu ya siku inachanwa, tena mbele ya watu waliolipa mara nyingi zaidi ya dola 500 kwa usiku mmoja. Penye uzito wa maamuzi hayo ndipo utajua meli nzuri na mbaya.

Wangapi washuke pamoja? Hapa dunia imejifunza kwa njia ndefu. Galapagos meli hairuhusiwi kuzidi abiria 100, kila kikundi cha watu 16 lazima kiwe na mtembezaji mwenye leseni ya hifadhi, na ratiba za meli zimepangwa zisirudi kwenye kituo kile kile ndani ya siku kumi na nne isipokuwa vituo vichache. Antaktika, kampuni zenyewe ziliunda umoja wao mwaka 1991, wakakubaliana watu wasizidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu kabisa. Utaona namba inayorudiwa ni ya watu waliopo mchangani. Tani hazitajwi.

Misali ina eneo la kilomita moja ya mraba hivi, pungufu kidogo. Jina lake, kwa masimulizi ya wenyeji, limetokana na msala. Nabii Khidr, ambaye watu wa huku humwita Hadhara, aliwaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi kitakuwa msala wake. Na miaka ya karibu na 2000 mafunzo ya dini yalitumika kuwashawishi wavuvi waache baruti na nyavu haribifu pale, jambo ambalo makaratasi ya serikali peke yake yalikuwa hayajaliweza. Kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na tangu 2005 kimo ndani ya hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba. Kasa na ng'amba hutaga huko. Kaa wa nazi, mkubwa kama kikapu, hutembea usiku.

Weka watu 100 kwa mkupuo mmoja ufukoni Mbuyuni, halafu weka watu hao hao kwa mafungu ya kumi na wawili, kila fungu na mtembezaji wake, njia mbalimbali, saa mbalimbali. Meli ni ile ile, kisiwa kile kile, na matokeo mawili yasiyofanana kwa chochote. Na usiku taa za meli lazima zifunikwe upande wa kisiwa. Kasa jike anayepanda kutaga huogopa mwanga, na watoto wake wakitoka mchangani huelekea palipong'aa, ambapo kwa miaka yote kabla ya taa palikuwa bahari. Wakikuta pamegeuka, wanakwenda kinyume na wanakufa. Popo wa Kidike nao hulala mchana, na mtalii mmoja apigaye makofi apate picha ya wakiruka anawachosha mia kwa mkupuo.

Suala la mbegu na viumbe wageni wanaoletwa na vyombo nitalipitia haraka, ingawa linastahili makala yake. Meli makini huwapigisha abiria brashi viatu na kuwakagua mifuko kabla ya kushuka, kutafuta mbegu, udongo na sisimizi. Watu hucheka. Mzanzibari hana haki ya kucheka: kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja miaka ya 1890, na leo uliza kifaranga gani kimesalimika. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, walilazimika kuwamaliza panya wa meli mwaka 1997 ili ndege na kaa wapumue. Maji ya uzani ambayo meli huyabeba tumboni ili itulie pia husafirisha viumbe wa bahari nyengine, na tangu Septemba 2017 mkataba wake wa kimataifa unafanya kazi. Maji ya choo, kwa sheria ya kimataifa, yakishasagwa na kutiwa dawa humwagwa zaidi ya maili tatu za baharini kutoka nchi kavu, yasiyosafishwa zaidi ya maili kumi na mbili. Plastiki ni marufuku kote. Misali na Pemba zinatazamana kwa karibu mno kwa meli kuwa na kisingizio.

Sasa mafuta na pesa, maana hapa ndipo vipeperushi huwa kimya. Meli ndogo inaonekana safi kwa sababu ni ndogo. Lakini ina mashine ya kuchuja maji ya bahari yawe matamu, ina jiko, viyoyozi, kiwanda cha kufulia, na vyote hivyo vinagawanywa kwa watu 80 badala ya 5,000. Kwa kila kichwa, moshi wake unaweza kuwa mwingi kuliko wa hoteli inayoelea. Ukiongeza ndege iliyomleta abiria kutoka upande wa pili wa dunia, hesabu inakuwa nzito. Anayekuambia meli hizi ni rafiki wa mazingira muulize mazingira yapi: ya Misali, au ya hewa ya wote.

Utetezi wake mzuri kuliko wote umo Aldabra, visiwa vya Shelisheli vyenye kobe wakubwa kama laki moja. Mababu wa kobe wetu wa Changuu walitoka huko. Wanne waliletwa zawadi mwaka 1919. Aldabra haina hoteli. Mgeni anakuja na kitanda chake, yaani meli, anashuka kwa ruhusa na ulinzi wa wakfu unaovisimamia visiwa, analipa, anarudi kulala baharini. Hakuna kisima kilichochimbwa kwa ajili yake wala jaa la taka. Kwa kisiwa kisicho na maji matamu, hoja hiyo nzito.

Ila upande wa pili wa hoja hiyo hiyo ni mfuko wa Mpemba. Mgeni anayelala melini anakula melini. Hanunui mkate wa kumimina asubuhi, hapandi gari ya mtu, hata papasi, yule dalali wa watalii wa mitaani, hamuoni. Kinachobaki ni ada ya hifadhi, malipo ya bandari na wakala, na ujira wa mtembezaji kama amechukuliwa hapa. Chumbe, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1994 na kuendeshwa kwa pesa za wageni wa vibanda vyake saba, inaonyesha njia nyengine: wageni wachache, lakini wanalala pale, na walinzi ni wavuvi wa zamani wa vijiji vya jirani. Mimi si adui wa meli. Ninachosema ni kuwa ikija bila ya mtembezaji wa Pemba ndani ya kila boti ya mpira, tumewapa mandhari bure. Namna ya kuwatoza ni kwa kichwa kinachoshuka, na jiko lao linaweza kununua pweza, ndimu na viungo vyetu kama kuna mtu wa kuwahakikishia usafi na idadi, jambo linalotaka ushirika wenye barafu na karatasi zaidi ya linavyotaka hotuba.

Linabaki la dago. Wavuvi wa Misali hupiga dago kisiwani siku kadhaa kwa mzunguko wa bamvua, wanalala pale, wanakausha samaki, wanatia vyombo pwani maji yakiwa juu. Maji yanayoifaa boti ya mpira ndiyo yanayoifaa ngalawa na dau. Nimeona asubuhi moja dereva wa boti ya mpira akizunguka mara mbili nje kwa adabu, akingoja dau limalize kushusha, na abiria wake wakipiga picha kwa furaha ilhali mwenye dau amenuna. Anayepanga ratiba akiwa Ulaya ana jedwali la maji mkononi. Jedwali la dago hana. Hilo liko kwa wavuvi, wanajua kambi ipi itakuwa na watu bamvua ijayo na ufuko upi utakuwa mtupu, na wa kuanza kumuuliza ni ami pale Wesha, akishamaliza kutengeneza wavu wake.